Ukuta Mbaya wa Bibi

Binamu yangu alinipigia simu asubuhi moja ya mvua akaniambia tembe la bibi, ile nyumba yake ya udongo, limeanguka. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba maziwa yamechacha. "Lilikuwa gofu tu, dada. Hakuna aliyeumia, hata mbuzi walishahamia kwa jirani siku nyingi." Nikamjibu haya, asante kwa taarifa, nikakata simu, nikaketi kwenye ngazi za nyumba yangu ambayo ilikuwa haijaisha kujengwa, nikalia. Fundi wangu alivua kofia akauliza tumefiwa na nani. Unamwambiaje mtu aliyeshika mwiko wa saruji kwamba unalilia ukuta wa udongo?

Jumamosi nikaendesha gari mpaka kule. Kijiji cha bibi kiko ndani kidogo ukishaipita Haneti. Nilikuta paa limelala juu ya kuta na kuta zimelala sakafuni, mvua imelainisha kila kitu. Nikapekua pale palipokuwa na mlango, upande wa kushoto, mpaka nikapata bonge la udongo la ukubwa wa mkate, bado lina mistari ya vidole. Nikalifunga kwenye khanga nikaliweka kiti cha mbele kama mgeni. Njia nzima gari lilinuka udongo wa mbuga, samadi na moshi wa kuni wa miaka mingi, na kabla sijafika mjini nilikuwa nimeshakuwa na miaka minane tena, jino la mbele limeng'oka, soksi nyeupe zimegeuka nyekundu kwa vumbi.

Nilipelekwa kwa bibi kwa sababu mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu na daktari alimtaka apumzike. Alinifungashia sare zangu nyeupe za shule na kipakiti cha bluu ya kufulia, ile ya unga, ili nguo zisifubae. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini bwana, nilijiona. Nikashuka kwenye basi, nikapiga goti vizuri kama nilivyofundishwa, "Shikamoo bibi." Bibi akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayechagua mbuzi mnadani. "Marahaba," akasema. Halafu akawageukia wanawake wenzake waliokuja kunipokea. "Ee, katoto kabaya haka! Kabaya kabisa!" Wakacheka wote, mmoja akapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na begi langu.

Wala hakuishia hapo. Wiki ile ng'ombe akazaa, ndama mweupe mwenye madoa mekundu, miguu inamtetemeka. Bibi akasimama mlangoni mwa zizi, akamtazama weee, akasema, "Mbaya huyu." Jirani akaleta mapacha wake wachanga, wanene, wanang'aa kwa mafuta. "Wabaya wote wawili," akasema bibi, na yule mama akatabasamu kama kapewa zawadi. Lakini alipopita bwana mmoja wa ofisi ya kata na viatu vilivyong'arishwa, bibi alimwambia, "Viatu vizuri baba, vizuri sana." Na soksi zangu zenye lesi alizisifu pia. "Soksi nzuri." Nikapiga hesabu zangu za kitoto, nikaona jambo liko wazi: soksi zangu ni nzuri, mimi ni mbaya. Nikaanza kulala na soksi.

Mtu aliyenifanya nisitoroke ni mama mdogo Nyemo, mdogo wake mama, ambaye nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Alikuwa mrefu, mtani, akicheka unamsikia kutoka kisimani. Ila alikuwa na donda lake. Aliwahi kuchumbiwa, mwanaume akaenda kuoa kwingine, na kijiji kina mdomo. Sasa alikuwa amempata Yohana, fundi cherehani wa Zuzu. Walivyopendana hao! Yohana alimshonea gauni bila kumpima, kwa kumtazama tu, na likamkaa kila mahali. Kikwazo kilikuwa mama yake Yohana. Mama huyo alisifika kwa jicho kali la kukagua. Ilisemekana aliwahi kufika kwenye nyumba ya mchumba wa mwanawe mkubwa, akatazama ukuta, akageuza kurudi alikotoka, hata maji hakunywa. Maana enzi hizo kule kwetu wanawake ndio waliokandika nyumba, na mama mkwe akitaka kujua anapata mkwe wa namna gani hakuuliza watu, aliuangalia ukuta.

Naye alikuwa anakuja Jumapili, baada ya ibada. "Akigeuza huyu," mama mdogo aliniambia huku ananisuka, "mimi sina tena pa kuuweka uso wangu." Aliyasema kwa utani, lakini vidole vyake vilikuwa vinanivuta nywele kuliko kawaida.

Kwa hiyo tukakandika. Ukuta mzima wa mbele, kazi ya siku mbili. Wanawake walibeba udongo mweusi kutoka mbugani, wakachanganya na samadi mbichi na majivu, wakamwagia maji yaliyochimbwa kwenye mchanga wa korongo, tukaukanyaga kwa miguu. Na mimi nilikanyaga, soksi nimezivua kwa heshima. Tope lilikuwa la baridi, linapita katikati ya vidole vya miguu, linanuka zizi na mvua kwa pamoja. Wakausiriba ukuta kwa viganja, na kabla haujakauka kila mmoja akachora sehemu yake kwa vidole vinne vilivyobanwa. Bibi alichora matao, moja ndani ya jingine. Mama mdogo alichora mistari inayoshuka kisha inavunjika ghafla, kama anayebadilisha mawazo. Mlango ukazungushiwa udongo mweupe. Jumamosi mchana kazi ikaisha.

Bibi akarudi nyuma hatua kumi. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akautazama ukuta toka kona hadi kona. "Mbaya," akasema. "Ukuta mbaya kweli kweli huu." Wanawake wakaangua kicheko, wakabeba ndoo zao, wakaenda kisimani kuoga huku wanaimba.

Nikabaki peke yangu na ukuta. Kazi yote ile, na ukuta ni mbaya! Na wenyewe wanacheka! Niliona watu wazima wamekata tamaa ndiyo maana wanaimba. Kesho yule mama angekuja, angegeuza, na mama mdogo asingekuwa na pa kuuweka uso. Nilimwona kabisa akilini mwangu akitembea kijijini bila uso. Nani wa kumwokoa kama si mimi, mtu wa mjini, niliyeziona nyumba za rangi kwa macho yangu? Nikakimbilia begi.

Nikaikoroga bluu yote kwenye kata ya maji. Brashi sikuwa nayo, kwa hiyo nikachukua soksi moja, nikaichovya, nikaanza upande wa kushoto wa mlango, kuanzia chini mpaka mkono wangu ulipokomea. Haki ya Mungu nilijiona fundi. Nikapita juu ya mistari ya mama mdogo, nikapita juu ya udongo mweupe, nikarudia. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua kumi kama bibi. Tope lilikuwa bado bichi, limeinywa bluu kwa mabaka, na maji yamechuruzika mpaka chini. Ukuta ulikuwa umevilia damu.

Waliporudi, bibi ndiye aliyetangulia kuona. "Uuuwi! Nani kaniua?" Akaanza kutafuta fimbo. Mama mdogo hakupiga kelele. Alitua ndoo, akakaa chini, kwenye vumbi, na khanga yake safi, akafunika macho kwa mikono. Heri ya fimbo. Udongo mweupe ulikuwa umekwisha, na korongo unakopatikana lilikuwa mwendo wa nusu siku.

"Mama, subiri," akamwambia bibi ambaye alikuwa ameshaipata fimbo. Akanigeukia. "Kwa nini mwanangu?"

Nikasema huku kamasi zinanitoka. "Bibi kasema ukuta mbaya. Nilitaka uwe mzuri ili usiachwe."

Fimbo ikabaki hewani. Bibi akanitazama, akamtazama mama mdogo, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikopo cha ugoro kikamdondoka. Mama mdogo naye akacheka huku machozi yanamtoka, nikawa sielewi kabisa ninaishi na watu gani. Akanivuta mapajani kwake akanieleza. Hapa kwetu kitu kizuri hakisifiwi mbele yake. Ukikisifu unawaonyesha wenye kijicho pa kupiga. Lakini nacho ukikitazama huwezi kunyamaza, utapasuka. Kwa hiyo unasema mbaya, na mwenye masikio anasikia.

"Na soksi?" nikauliza. "Mbona soksi bibi alisema nzuri?"

"Soksi ni soksi," akasema bibi. "Hata zikiibiwa nani atalia?"

Nikakaa nikizipiga upya zile hesabu zangu. Ndama. Mapacha. Ukuta. Kisha nikafika kwangu mwenyewe, siku ile ya basi, mkono wa bibi kidevuni mwangu, na nikahisi joto limenipanda kuanzia tumboni mpaka masikioni. Nilijifuta kamasi tu.

Lilibaki beseni moja la tope. Mama mdogo akanyanyuka, akajipukusa vumbi, akaniambia, "Umeharibu, utatengeneza." Bibi akaguna lakini hakukataa. Tope halikutosha kulifunika lile baka kwa unene, likapakwa jembamba. Mama mdogo akanishika kiwiko, akanionyesha: vidole bana, usikwaruze kwa kucha, mkono utoke begani, ukianza usisimame. Nikavuta. Kwa kuwa tope lilikuwa jembamba, vidole vyangu vilizama mpaka kwenye bluu, na kila mstari nilioupitisha ukafunguka bluu ndani ya kijivu. Nikataka kuacha. "Ukianza usisimame," akarudia. Nikachora matao ya bibi, lakini mkono wangu ulikuwa mfupi, yakatoka madogo yamesongamana. Nikachora mpaka kimo changu kilipoishia. Asubuhi upepo ulikuwa umekausha kila kitu. Bibi akapita, akasimama, akatazama, akavuta ugoro, akaenda zake bila neno.

Mama Yohana aliwasili na dada zake wawili, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameifumbata nyuma. "Mbukwenyi," akasalimu, tukamwitikia kwa adabu zote. Akaukagua ukuta kwa jicho, akapita ndani, akakaribishwa kigoda. "Kigoda kizuri," akasema. Nikaona shingo ya bibi imekakamaa. Akaletewa ugali wa uwele na mlenda. Akala tonge mbili. "Chakula kizuri." Mama mdogo akapita amelivaa lile gauni la Yohana. "Gauni zuri," akasema Mama Yohana, la mwanawe mwenyewe! Akazungusha macho nyumba nzima. "Pazuri hapa kwenu. Pazuri."

Jamani, sijawahi kusikia neno zuri likiumiza watu vile. Wanawake wa kwetu walikuwa wanatazama mikeka. Mama mdogo alishika ukingo wa gauni lake akawa anaukunja na kuukunjua, na mimi, ambaye jana tu ningeshangilia, nilikuwa nimeelewa kila kitu na nilitamani nisingeelewa. Kibuyu cha maziwa kililetwa. Mama Yohana akasema ameshiba, maziwa atakunywa siku nyingine. Akasimama aage.

Mlango wa tembe ni mfupi, lazima uiname. Mama Yohana akainama, na kama anavyofanya mtu mzima yeyote akitoka, akaegemea ukuta wa nje kwa mkono wa kulia. Pale pale. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka. Akasimama. Kidole chake kimoja kikaanza kufuata mstari, kikaingia mwingine, kikapanda tao, kikashuka. Akachuchumaa, mama mzima yule, mbele ya dada zake, mpaka uso wake ukawa kwenye kimo changu.

"Nani kafanya hapa?"

Nilijua bibi anataka mama mdogo aseme ni yeye. Nilimwona akimkazia macho. Neno moja tu lingetosha. Mama mdogo akalowanisha midomo.

"Ni mtoto," akasema. "Aliharibu, nikamwambia atengeneze. Mimi ni pale juu, ile mistari inayovunjika."

Mama Yohana akatazama juu, akatazama chini, akaniita kwa kidole. "Lete mkono." Akachukua vidole vyangu vinne akaviingiza kwenye mistari ya bluu. Viliingia sawasawa. Akavishikilia hapo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayekubali kushindwa:

"Pabaya hapa." Akageuka kumtazama mama mdogo. "Na pale juu pabaya. Na aliyemfundisha mtoto hivi, badala ya kumpiga, naye ni mbaya."

Bibi ndiye aliyeachia kigelegele cha kwanza, mkali, kuku wakatawanyika. Wengine wakadaka. Dada zake Mama Yohana wakadaka pia, mmoja akavua khanga ya begani akamfunga mama mdogo kiunoni. Mama Yohana akarudi ndani akakaa kwenye kile kigoda, akaomba maziwa, akayanywa mpaka akakiinamisha kibuyu kuona kama yamebaki. Kabla hajaondoka alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku. "Kabaya haka," akawaambia wenzake. Nililia kwa furaha. Sijawahi kusifiwa tena hivyo, na nimeshavikwa joho la chuo kikuu.

Baadaye nilikaa madarasani na watu waliosoma, wanabishana kama uzuri uko kwenye kitu chenyewe au kwenye jicho la anayetazama. Walibishana vizuri sana. Mimi nilikuwa nanyamaza, maana nilikuwa nimeshamwona mwanamke ambaye jicho lake liliukagua ukuta ule likapita, mdomo wake ukatoa sifa kwa kila kitu, halafu mkono wake ukakataa kuondoka. Mdomo unasifu chochote unachoulizwa. Binti yangu kila siku ananionyesha picha zake kwenye simu, "Mama, nimependeza?" na mimi najibu umependeza bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Nafikiri uzuri ni kile ambacho ukikiona tu unaanza kuogopa kisije kikapotea, ndiyo maana bibi alikificha kwa neno baya. Simlazimishi mtu kukubali. Lakini soksi ile moja iliyobaki niliipoteza zamani na sikumbuki hata wapi.

Kwa hiyo nilipomwambia fundi asiguse ukuta wa veranda ya nyuma, alidhani nimechanganyikiwa. Nyumba nzima ina vigae na dari ya jipsamu, halafu ukuta mmoja wa tope? Nikamwambia ndiyo. Nikalivunja lile bonge la kwa bibi, nikalichanganya na udongo mpya na samadi niliyoletewa kwenye ndoo, nikavua viatu. Binti yangu alikuja kunicheka, visikilizio masikioni. Nikamtupia tope. Akanirudishia. Mwisho naye akawa ameingia mpaka magotini, nikampa kona ya chini, mimi nikachukua sehemu kubwa ya katikati, nikachora kwa makini matao ya bibi kama nilivyoyakumbuka.

Mama mdogo Nyemo alikuja kutoka Zuzu kuiona nyumba. Amezeeka, anatembea na mkongojo, kicheko ni kile kile. Nikamzungusha. "Vigae vizuri," akasema. "Jiko zuri. Mapazia mazuri mwanangu." Nikawa najiambia subiri, subiri ufike nyuma. Tukafika nyuma. Akasimama mbele ya sehemu yangu, ile kubwa, ile ya makini. Akainamisha kichwa.

"Nzuri," akasema.

Weee! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Akasogea na mkongojo wake, hatua mbili, tatu, mpaka kwenye kona ya binti yangu, ambapo mistari ilikuwa imepinda, imekimbilia juu, imerudi, imepishana, imefanya ilichotaka. Mkongojo akaniachia mimi. Mkono wake ukaenda ukutani peke yake. Ukafuata mstari mmoja mpaka mwisho, ukarudi, ukafuata mwingine.

"Nani kafanya hapa?"

"Mimi, bibi," akasema binti yangu, ametoa visikilizio.

"Pabaya," akasema mama mdogo. "Pabaya sana mjukuu wangu."

Nikamwona mwanangu uso unamwanguka, miaka kumi na saba yote imemwishia. Aliniangalia mimi nimtetee. Na mimi, mama mtu mzima, nikatupa mkongojo chini, nikaachia kigelegele ambacho majirani walifungua madirisha kukisikiliza. Nikamshika kidevu kwa mkono wenye tope lililokauka kwenye kucha, nikamgeuza uso huku na huku, nikamtazama kama sijawahi kumtazama tangu azaliwe.

"Mbaya wee," nikamwambia. "Kaa hapa nikueleze."